Choo Kwanza, Bustani Baadaye: Misaada ya Mazingira na Umaskini katika Mtaa wa Ziwani, Nairobi

Katiba ya Kenya ya 2010 imeziweka haki mbili bega kwa bega. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 43 inampa haki ya makazi yanayofaa, huduma za usafi za kiwango cha kuridhisha, na maji safi ya kutosha. Katika maandishi, haki hizi ni majirani. Katika miradi ya misaada zimekuwa mali ya wizara mbili, wafadhili wawili na ripoti mbili zisizosomana. Makala haya yanadai kwamba utengano huo ndio unaoifanya miradi mingi ya Mto Nairobi izae matunda machache kuliko fedha inazomeza, na kwamba dawa yake inaonekana wazi ukiutazama mto kutoka mtaa mmoja wa Eastlands, yaani Ziwani.

Ziwani ni mtaa wa manispaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Nyumba zake ni fupi, za vyumba vichache, na zilipangwa kuzunguka viwanja vya wazi. Leo wakazi ni wapangaji wa Kaunti ya Nairobi, wengi wao wamerithi upangaji huo kutoka kwa wazazi. Kariokor iko jirani, soko la Gikomba liko hatua chache kusini, na mto unapita hapo katikati ya mitumba, samaki, mbao na makaa. Mabomba ya majitaka ya mitaa hii ya kale yaliwekwa kwa jiji dogo, na sasa yanabebeshwa mzigo wa jiji la mamilioni. Yanapopasuka au kuziba, uchafu huteremkia mtoni. Hakuna mkazi wa Ziwani aliyeamua iwe hivyo.

Nalisisitiza hilo kwa sababu historia ya wazo la kuunganisha mazingira na umaskini ina doa. Katika mkutano wa Stockholm mwezi Juni 1972, Indira Gandhi, Waziri Mkuu wa India, aliwauliza wajumbe vipi mtu awahubirie wakazi wa vijijini na wa mitaa ya mabanda habari za mito na hewa safi ilhali maisha yao yenyewe yamechafuliwa. Mkutano huohuo ulizaa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako Nairobi. Lakini miaka ilivyopita, na hasa baada ya ripoti ya tume ya Brundtland ya 1987, hoja ya Gandhi iligeuzwa ikawa shutuma: eti maskini ndiye anayeharibu mazingira kwa sababu ni maskini. Mto Nairobi unakanusha shutuma hiyo kila siku. Unatoka kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, na kabla haujafika Gikomba umekwisha kupokea uchafu wa machinjio, gereji na viwanda, pamoja na majitaka ya mitaa yenye uwezo. Wa Ziwani huupokea mto ukiwa tayari mgonjwa.

Wafadhili walijaribu kurekebisha mambo. Mwaka 2005 UNEP na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, yalizindua mpango wa pamoja wa umaskini na mazingira, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Mpango uliingia wizara za mipango na fedha ukitaka mazingira yahesabiwe kama rasilimali ya maskini. Tanzania ilipata mafanikio ya kweli: mkakati wa MKUKUTA wa 2005 uliyaingiza masuala ya mazingira ndani ya malengo ya kupunguza umaskini, na hilo halikuwa jambo dogo katika serikali iliyozoea kuyaacha kwenye idara moja. Naliheshimu hilo. Hata hivyo, sera ya taifa ikishatiwa saini haimfungulii mtu bomba la choo. Kati ya waraka wa hazina na uchochoro wa Ziwani kuna kaunti ambayo ndiyo mwenye nyumba, kampuni ya maji na mkandarasi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetakiwa na mpango ule abadilishe anavyotumia shilingi yake.

Kwenye mto wenyewe, kazi kubwa ilianza 1999 kwa Mpango wa Bonde la Mto Nairobi ulioongozwa na UNEP. John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira, kuanzia 2008, sehemu ya mto iliyo karibu na mzunguko wa Globe ilisafishwa ikawa bustani yenye jina lake. Wakazi wengi wa Nairobi hukumbuka kwa furaha kuyaona maji yakipita pale. Lakini mwaka 2009 Amnesty International ilikadiria kwamba watu wanaofikia 127,000 wangeweza kuhamishwa kwa sababu ya mpango huo. Bustani iliyosafishwa nayo ilirudia uchafu, ikabidi ikarabatiwe upya mwaka 2020. Mambo haya mawili yana chanzo kimoja. Mradi uliokipima kilichoonekana ukingoni, yaani miche, mita na tani za taka, uliwaona binadamu wa ukingoni kama sehemu ya taka, na haukuyaona mabomba yaliyoendelea kumwaga uchafu usiku na mchana. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikuwa karibu zaidi na ukweli ilipofadhili, kuanzia 2010, mradi wa majitaka uliobeba jina la urejeshaji wa mito ya Nairobi. Bomba kuu la majitaka halipigwi picha na wageni wa heshima, lakini ndilo linalousafisha mto.

Mfano bora zaidi wa kuunganisha mambo haya mawili ulianza mwendo mfupi kutoka Ziwani. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, na hapo ndipo Green Belt Movement ilipoanzia. Kilichofuata kina uzito zaidi ya miti yenyewe. Wanawake wa vijijini walilipwa kiasi kidogo, takriban senti 4 za Marekani, kwa kila mche uliopona. Malipo hayakufuata mche kutiwa ardhini, yalifuata mche kuishi. Fedha za Hazina ya Hiari ya Umoja wa Mataifa kwa Wanawake na za Chama cha Misitu cha Norway zilifika mkononi mwa mama aliyemwagilia. Hapo msaada wa mazingira na kipato cha maskini havikuunganishwa kwa azimio. Viliunganishwa na kanuni ya malipo. Linganisha na mpango wa serikali wa Kazi Mtaani wa 2020, uliowalipa vijana shilingi 455 kwa siku katika awamu yake ya pili kwa kufagia mitaro na kuzoa taka. Kipato kile kilizisaidia kaya nyingi wakati wa korona, na sitawadharau waliokichuma. Ila malipo yalifuata siku za kazi, si hali ya mtaro mwezi mmoja baadaye, na mpango ulipokwisha mtaro haukubaki na mwenyewe.

Kuna watakaojibu kwamba nadharia hizi zinasahau hatari. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 250 nchini Kenya, na wengi wa waathirika wa Nairobi waliishi kando ya mito. Sheria inataka ukingo wa mita 6 hadi 30 uachwe wazi. Ni kweli, na hakuna mtu mwenye utu anayetaka mtoto alale pale maji yatakapopita. Lakini Mei 2024 tingatinga ziliingia mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru mvua ikinyesha bado, na Rais William Ruto akaahidi shilingi 10,000 kwa kila kaya iliyoondolewa. Kwa fedha hizo familia hupanga chumba kwa miezi michache, kisha hurudi ukingo mwingine wa mto mwingine. Hatari huwa imehamishwa tu. Anayetaka ukingo ubaki wazi lazima agharimie nyumba kabla ya kugharimia ubomoaji.

Kwamba inawezekana kwenda kwa utaratibu mwingine, Mukuru yenyewe ilionyesha. Mwezi Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, baada ya Muungano wa Wanavijiji, shirika la wakazi wa mitaa ya mabanda, na vyuo vikuu kukusanya takwimu za kaya, maji, vyoo na kodi. Sehemu ya utafiti huo ilifadhiliwa na IDRC, shirika la Canada la utafiti wa maendeleo. Wakazi walijadili ramani kikundi kwa kikundi, na baadaye barabara na mabomba ya majitaka yakaanza kuingia. Msaada wa kigeni hapo ulilipia maarifa ambayo maskini waliyatumia kuibana serikali yao. Kwamba sehemu za Mukuru zilibomolewa 2024 hakuifuti kazi ile. Kunaonyesha tu kwamba bila haki ya kukaa iliyoandikwa, hata mpango mzuri hauna kinga.

Machi 2025 serikali ilizindua mradi wa shilingi bilioni 50 wa kuhuisha takriban kilomita 27 za Mto Nairobi, wenye bomba kuu la majitaka, nyumba na kazi kwa vijana. Wakati huohuo kaunti ina mipango ya kuijenga upya mitaa yake ya kale ya Eastlands, Ziwani ikiwemo. Mto ukiwa safi, thamani ya ardhi ya Ziwani itapanda, na mpangaji asiye na hati ndiye atakayelipia usafi huo kwa kuondoka. Kwa hiyo nawaomba wabunge wa kaunti, benki za maendeleo na mabalozi watakaotia saini sehemu zinazofuata wadai mambo matatu kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Orodha ya wapangaji wa sasa iwe sehemu ya mkataba, na haki yao ya kurudi iandikwe humo. Nyumba ziunganishwe na bomba la majitaka kabla ya kupandwa nyasi ukingoni. Na malipo ya vijana wa mto yafuate hali ya maji wanayoyatunza, kwa ajira ya miaka na si ya miezi. Mkataba usio na hayo hauustahili msaada wa maendeleo.