Alama Zilizofichika katika Mbegu ya Maharage

Maharage tuyapikayo hapa Goweko, kituo cha reli ya kati, asili yake ni Amerika. Yalivuka bahari baada ya mwaka 1492, na tangu yafike bara letu mkulima amechagua mbegu kwa jicho: rangi, ukubwa, afya ya jani.

Lakini jicho halifiki ndani. Jeni iitwayo I huukinga mmea na batobato. Ila kirusi cha jamaa yake kikiushambulia, mizizi hugeuka myeusi, mmea ukafa. Kwa hiyo I huhitaji mwenzake, bc-3. Taabu ni kwamba bc-3 humficha I: shambani, mmea wenye zote mbili haupambanuliki na wenye bc-3 peke yake.

Mwaka 1996 wataalamu walitangaza alama SW13, iambatanayo na I, isomwayo maabarani katika jani changa. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kimetumia alama za namna hiyo kuyatafutia kinga maharage ya Kablanketi.

Maabara haiumbi kinga. Huitafuta katika mbegu zilizotunzwa. Basi tusikubali mbegu za wazee wetu ziishie chunguni. Akiba haiozi.