Faini Inakwenda Wapi?

Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, utaona madereva wakiwashiana taa. Maana yake tochi iko mbele. Basi linatulia, linampita trafiki kwa adabu, kisha linarudia mwendo wake.

Kuonyana huku hakukuanzia kwetu. Mwaka 1905 madereva wa Uingereza waliunda Automobile Association ili kuwatahadharisha wenzao kuhusu mitego ya polisi. Sheria ilipowabana, wakabadili mbinu: mtu wao wa doria alimpigia saluti kila mwanachama aliyepita. Asipopiga, dereva alijua polisi wapo mbele.

Mtego ukaja kupata mashine. Maurice Gatsonides, Mholanzi aliyeshinda Monte Carlo Rally mwaka 1953, alitengeneza kifaa cha kupima kasi yake kwenye kona, apate kuongeza mwendo. Kampuni yake ndiyo iliyokuja kuwauzia polisi kamera. Uingereza ilianza kuzitumia mwaka 1992, magharibi mwa London.

Kamera zile zilikula fedha. Filamu ilibadilishwa na kusafishwa, kisha mtu akaandika barua kwa mwenye gari. Gharama zilibebwa na polisi na halmashauri, lakini faini ilikwenda Hazina. Basi masanduku mengi yalisimama barabarani matupu, na kamera chache zikahamishwa kutoka sanduku hili hadi lile.

Aprili 2000 serikali ilianza majaribio katika maeneo 8: polisi na washirika wao wakate gharama za kamera kwenye faini, kinachobaki kiende Hazina. Mpango ulipopanuliwa, kamera zikaongezeka, na manung'uniko pia. Madereva walisema wanakamuliwa. Serikali ikaweka masharti: kamera zifungwe hasa mahali palipokwisha kuua au kujeruhi watu vibaya, tena zipakwe rangi ya njano zionekane kwa mbali.

Hata hivyo, tatizo lilikuwa kwenye hesabu yenyewe. Kamera inayofanya kazi vizuri haimnasi mtu. Madereva wote wakipunguza mwendo, faini hakuna, na kamera inakosa wa kuilipia. Usalama ukitegemea faini, unategemea makosa yaendelee.

Mwaka 2007 mpango ulifutwa. Faini zote zikarudi Hazina, na halmashauri zikapewa ruzuku. Swindon ikakataa kulipia kamera ambazo mapato yake yanakwenda serikali kuu, ikazizima mwaka 2009. Ruzuku ilipopunguzwa mwaka 2010, Oxfordshire nayo ikazima zake. Miezi michache baadaye polisi wakasema mwendo umepanda. Aprili 2011 zikawashwa tena.

Siku hizi dereva wa huko aliyezidisha mwendo kidogo anaweza kupewa nafasi ya kuhudhuria darasa badala ya kulipa faini, na sehemu ya ada hurudi kwa polisi. Fedha imepata njia nyingine, na swali limebaki lile lile.

Swali hilo ni letu pia. Dereva anayewasha taa anadhani anamwokoa mwenzake na mtu anayetafuta fedha. Hamfikirii mtoto anayesubiri kuvuka barabara kijiji kinachofuata. Ili amfikirie, ni lazima kwanza aoneshwe faini ya jana ilifanya nini: ilijenga tuta gani, ilichora kivuko gani, mbele ya shule ipi.