Mwewe wa Mtendeni

Jumapili iliyopita nilikuwa uani kwangu hapa Mtendeni, Tabora, kamera shingoni, nikimvizia mwewe aliyezoea kutua juu ya mwembe wa jirani. Alipotua nilimpiga picha tatu. Alipoondoka, aliondoka na kifaranga. Bibi mwenye kuku hakumtazama mwewe, alinitazama mimi. Akauliza: "Mwanangu, hiyo picha yako itanirudishia kifaranga changu?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta wiki nzima, na utafutaji huo umenirudisha nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Tabora ni mji wa njia. Misafara ya pembe na watumwa ilipumzika hapa, kati ya Bagamoyo na Ujiji. Burton na Speke waliingia Novemba 1857, wakati wageni wakipaita Kazeh. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Lakini njia hiyo hiyo ilipitiwa pia na watu waliotafuta ndege.

Mwaka 1880 alikuja Mjerumani Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama kutoka Berlin. Alikaa Kakoma, kusini ya Tabora, akikusanya ndege na kuwachora. Ndege mmoja mdogo arukaye kama mbayuwayu, aliyepatikana Kakoma, alipewa jina la Böhm mwaka 1882. Mwenyewe alifia Katanga mwaka 1884, hajatimiza miaka 30. Mwaka 1890 akaja Emin Pasha kupandisha bendera ya Kijerumani. Naye alikuwa bingwa wa kupeleka ndege katika majumba ya makumbusho ya Ulaya.

Zama zile, kumjua ndege ilikuwa kwanza umuue. Inalia bunduki, kinafuata kisu, ngozi inapakwa dawa na kujazwa pamba, kisha inafungwa kwenye mzigo wa mpagazi hadi pwani. Mpagazi aliyeubeba mzigo huo hakupewa ndege wa kuitwa kwa jina lake.

Je, sisi tulikuwa bora? La hasha. Utotoni mwangu, aliyemwangusha mwewe kwa manati alizawadiwa yai. Mimi nimelila yai hilo, tena kwa furaha.

Leo kamera inaniwezesha kumjua ndege naye akaenda zake. Nimejifunza kumtambua mwewe kwa mkia wake wenye panda. Nimejifunza pia kwamba mvua za kwanza zikitoa kumbikumbi, tai wa nyika huja kuwala, nao wamezaliwa mbali, Urusi na Kazakhstan. Huo nao ni msafara, na haukukoma reli ilipofika Tabora mwaka 1912.

Kinachoweza kuukomesha ni sumu. Mwaka 2015 aina 4 za tumbusi wa Afrika ziliwekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe hutia sumu kwenye mzoga ili amuue simba, na tumbusi hula mzoga huo. Jangili naye huwaua makusudi, kwa sababu wakizunguka angani huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali mzoga ulipo. Tumbusi wakiisha, mizoga itabaki kuoza, na mbwa na fisi ndio watakaoifaidi.

Nayasema haya kwa sababu Bibi naye alikuwa amekwisha kununua sumu ya panya, aipake kwenye utumbo na kuuweka juu ya paa. Nilimsihi asubiri. Nilimwambia mwewe huyo huyo hula panya wanaomaliza mahindi yake, na kwamba sumu haichagui: leo mwewe, kesho paka, keshokutwa mjukuu. Jioni nilimpelekea tenga la kufunikia vifaranga, pamoja na picha moja niliyoisafisha mjini.

Aliishika picha ile kwa muda mrefu. "Kumbe mzuri," akasema, "mwizi huyu." Tenga amelipokea. Sumu bado ameihifadhi darini.

Basi jibu langu kwa Bibi ni hili: hapana, picha hairudishi kifaranga. Lakini Böhm alihitaji bunduki ili watu wa Berlin wamwone ndege wa Kakoma. Sisi wa Mtendeni twaweza kumwona kwa kuinua kichwa tu, na wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Tutazame wakiwa bado wapo.

Tukutane tena wiki ijayo.