Safari za Lulindi: miguu, reli na namba ya boda

Lulindi, kusini mwa Tanzania, iko kati ya Masasi na Newala, na kwa muda mrefu njia zake zilikuwa za miguu. Mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaongoza watumwa waliokombolewa kutoka Lindi kwenda kuanzisha misheni Masasi, msafara ulitembea na mizigo ilibebwa na watu. Usafiri ulikuwa ni kumjua mtu: mpagazi asiyetoroka, au mwenyeji anayejua maji yaliko.

Reli ililetwa na Mpango wa Karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Ilikusudiwa kuunganisha mashamba ya Nachingwea na bandari mpya ya Mtwara. Tawi la Masasi lilikamilika 1958, miaka saba baada ya mpango wenyewe kuvunjwa. Mwaka 1962 reli ikafungwa, na baadaye vyuma vikang'olewa. Wakati wa mpango huo ndipo bandari, treni na barabara za kusini zilipopangwa kuwa mtandao mmoja, ila hesabu ilikuwa ya karanga, si ya abiria.

Yaliyobaki ni malori na mabasi. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, basi la Dar es Salaam lilivuka Rufiji kwa pantoni, na masika safari iligeuka kulala njiani.

Simu iliingia katika safari kwa mlango wa pesa. M-Pesa ilianza nchini 2008, na kanuni za leseni za bodaboda zikatoka 2010. Kijana akitaka kwenda Masasi, hupiga namba aliyoihifadhi kwa jina la dereva likifuatiwa na neno "Boda". Aliyesoma Dar es Salaam anazijua programu za kuita usafiri, kwani Uber ilifika huko 2016. Akirudi kijijini anarudia namba ile. Si ushamba. Programu haiwezi kusubiri nauli mpaka pesa za korosho zitoke, wala haijui mchanga umekaaje baada ya mvua. Dereva anajua yote mawili.

Kwa basi la mkoani mambo ni tofauti. Tangu LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ianze kazi 2019 na kusukuma tiketi za kielektroniki, vijana wengi wanaona afadhali ujumbe wenye namba ya kiti kuliko karatasi ya mpigadebe, maana kiti kilichoandikwa hakiuzwi mara mbili kirahisi. Bado, tiketi hiyo huishia stendi ya Masasi. Kutoka hapo hadi nyumbani hupigwa simu nyingine, na nauli nyingine hujadiliwa.