Kwasi Wiredu na Kipimo cha Maadili

Kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule za sekondari, na katika miaka hiyohiyo nilikuwa mlinzi wa kanuni moja: mwanafunzi aliyesikika akizungumza Kiswahili nje ya kipindi chake aliadhibiwa. Mimi, mwenye somo, ndiye niliyeandika majina. Aibu hiyo hunirudia kila nimsomapo Kwasi Wiredu.

Wiredu alizaliwa mwaka 1931 mjini Kumasi, nchini Ghana, miongoni mwa Waakan. Alihitimu katika chuo kikuu cha Legon mwaka 1958, kisha akaenda Oxford, ambako Gilbert Ryle alisimamia utafiti wake. Alirejea kwao, akafundisha Legon kwa zaidi ya miaka 20, na baadaye akahamia Chuo Kikuu cha South Florida, Marekani. Alifariki Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 90.

Wito wake mkuu ulikuwa kuziondolea dhana zetu ukoloni. Alituhimiza tuyachukue mafundisho tuliyoyapokea kwa lugha ya kigeni, tuyapime upya kwa lugha zetu. Mfano wake mashuhuri ni Descartes, aliyethibitisha kuwapo kwake kutokana na kufikiri kwake tu, pasi na mwili wala mahali. Wiredu alionyesha kwamba kwa Kiakan, kuwapo ni kuwa mahali fulani. Nasi tujiulize: je, twaweza kusema nipo, niko au nimo bila kudokeza mahali? Hata hivyo, hakuwa mtu wa kusifu kila kilichoachwa na mababu. Alikemea vikali desturi ya kuwanyima vijana haki ya kuuliza.

Katika maadili alitofautisha mambo mawili tunayoyachanganya mara kwa mara. Mila, kama vile mavazi, mahari na taratibu za mazishi, hutofautiana baina ya jamii na jamii. Maadili yenyewe yana msingi mmoja kwa wanadamu wote: kabla ya kutenda, jiweke katika nafasi ya yule atakayeguswa na tendo lako, kisha ujiulize kama ungeliridhia. Aliona kwamba bila kanuni hiyo hakuna jamii iwezayo kudumu. Wahenga wetu waliijua kasoro inayopingana nayo waliponena kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kwa kipimo hicho, kanuni niliyoilinda ilikuwa mila ya shule iliyovishwa joho la maadili. Namkumbuka kijana mmoja aliyeulizwa swali akakaa kimya. Baada ya kipindi alimweleza mwenziwe jibu lote, kwa Kiswahili safi, nami nikamsikia. Jibu lilikuwa sahihi. Nikaliandika jina lake. Laiti ningejiweka katika nafasi yake walau dakika moja, kalamu ingenisita mkononi.

Nimestaafu, na daftari lile silijui liliko. Ninyi walimu mlio bado darasani, nawasihi: mwanafunzi akinyamaza, mwulizeni tena kwa lugha anayoifikiria, kisha ndipo mumsaidie kulivusha jibu lake hadi katika lugha ya mtihani.