Gharama Zinazoruhusiwa: Zinatolewa Wapi?

Mwenye nyumba za kupangisha nchini Kenya anayesoma maelezo ya kodi kwa Kiswahili hukutana na istilahi "gharama zinazoruhusiwa". Kasoro yake ni kwamba haisemi gharama hizo zinatolewa wapi, na hapo ndipo watu wanapopotea. Ukiiita "makato", mambo yanaharibika zaidi, kwa sababu makato tunayajua kwenye hati ya mshahara: ni fedha zinazokutoka. Tena neno "kodi" lenyewe hubeba malipo ya mpangaji na malipo ya serikali kwa pamoja, kwa hiyo hapa malipo ya mpangaji nitayaita pango. Napendekeza tuseme "gharama za kutoa kwenye mapato". Istilahi hii inaonyesha hesabu inavyokwenda: unachukua pango lote la mwaka, unatoa gharama, na kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi. Fundi bomba akikulipisha shilingi 10,000, kodi yako haipungui kwa shilingi 10,000. Kama kipato chako kiko kwenye kiwango cha asilimia 30, inapungua kwa shilingi 3,000 tu.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinataka gharama iwe imetumika yote, tena kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo peke yake. Kupaka rangi upya, kubadilisha bomba lililopasuka, bima ya jengo, ada ya wakala na ada ya ardhi ya kaunti hupita. Kuongeza ghorofa hakupiti, kwa kuwa huko ni kujenga mali mpya. Mkopo wa benki ndio unaowachanganya wengi: riba hutolewa, lakini marejesho ya mkopo wenyewe hayatolewi, hata kama yote mawili yanakatwa kwenye akaunti siku moja. Neno "zinazoruhusiwa" halimsaidii mtu kuona tofauti hiyo, maana benki haijamkataza kulipa deni. Swali la kweli ni kama malipo hayo yalizaa pango la mwaka huo. Tangu Januari 2024, gharama pia inatakiwa iwe na ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS, isipokuwa zile zilizosamehewa.

Kuna watakaosema mjadala huu hauwahusu wenye nyumba wengi. Pango la nyumba za kuishi la kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya pango lote, ritani ikiwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hakuna gharama hata moja inayotolewa. Ni kweli. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mwenye nyumba kumwandikia Kamishna wa kodi akiomba atozwe kwa utaratibu wa mwaka, ule wa kutoa gharama kwanza, na uamuzi huo hauwezi kufanywa na mtu asiyejua anachokiacha. Chukua pango la shilingi 1,200,000 lenye riba na matengenezo ya shilingi 800,000. Kwa asilimia 7.5, kodi ni 90,000. Kwa utaratibu wa mwaka, asiye na kipato kingine anatozwa kwenye 400,000 zilizobaki, na baada ya nafuu ya kibinafsi ya 28,800 analipa 28,600. Ila mwenye mshahara ambao tayari umefika asilimia 30 angelipa 120,000, na huyo ni heri abaki kwenye asilimia 7.5. Wanaopangisha maduka na ofisi hawana hata chaguo hilo. Wao lazima wapige hesabu ya gharama.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: istilahi iliyozoeleka isivurugwe, na maneno matano ni mengi mno kwa fomu. Urefu naukubali. Hata hivyo istilahi ya kodi husomwa na mtu aliye peke yake mbele ya skrini ya iTax, mfumo wa kuwasilisha ritani mtandaoni, siku ya mwisho ya ritani ya mwaka, tarehe 30 Juni, ikikaribia, bila mhasibu wa kumweleza. Wanasheria wabaki na "zinazoruhusiwa" kwenye vitabu vyao. Fomu, vipeperushi na vipindi vya redio viandike na kutamka "gharama za kutoa kwenye mapato", na wewe mwenye nyumba, kabla hujamwandikia Kamishna, kwanza tenga riba na marejesho ya mkopo kwenye taarifa ya benki yako.