Ghorofa la Dar, gesi ya Madimba

Wadau, mmewahi kusoma kibao cha mradi pale ghorofa jipya linapoanza kujengwa mjini? Kitakutajia mwenye mradi, mkandarasi na msanifu. Kitu kimoja hakipo: jengo lile litakula umeme kiasi gani, na umeme huo utatoka wapi. Sehemu ya jibu iko Madimba.

Kwa wasiopafahamu, Madimba ni kijiji cha Mtwara, ukitoka mjini kuelekea Msimbati. Upande huo, Mnazi Bay, kampuni ya AGIP ya Italia iligundua gesi mwaka 1982. Gesi ikakaa chini zaidi ya miaka 20. Mwaka 2007 ikaanza kuendesha mitambo ya umeme pale Mtwara, megawati 18 tu. Kwa mji uliozoea jenereta za dizeli, haikuwa haba.

Huku nyuma Dar ilikuwa inavimba. Sensa ya 2002 ilihesabu watu karibu milioni 2.5. Ya 2012 ikahesabu zaidi ya milioni 4.3. Magorofa yakapanda, na ofisi za vioo zinazotaka kiyoyozi kutwa nzima. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, nchi nzima ikaonja mgawo wa umeme. Macho yakageukia gesi, kwanza ya Songo Songo, kisha ya Mtwara.

Ndipo likaja bomba. Desemba 27, 2012 watu wa Mtwara waliandamana wakisema gesi haitoki. Mei 2013, siku ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, mji ukalipuka. Ofisi na nyumba zilichomwa, jeshi likaingia mitaani, watu wakapoteza maisha. Wengi wa rika langu tulikuwa bado shule. Tuliyoyasikia Dar ni kwamba kuna watu kusini hawataki maendeleo.

Oktoba 2015 Rais Kikwete alizindua mradi. Kiwanda cha Madimba kina uwezo wa kusafisha futi za ujazo milioni 210 za gesi kwa siku, na bomba la inchi 36 huipeleka hadi Kinyerezi. Huko kuna mitambo ya Kinyerezi I, megawati 150, na Kinyerezi II, megawati 240, iliyozinduliwa 2018.

Sasa tufuate waya kinyumenyume. Mtambo wa gesi wa kawaida hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya gesi kama joto. Kinyerezi II huokoa sehemu ya joto hilo kwa kuchemshia maji na kuzungusha mtambo wa mvuke. Lakini hata hapo, uniti moja inayopotea kwenye kiyoyozi cha ofisi isiyo na mtu imegharimu karibu mara mbili yake kule kisimani. Na gesi ikishachomwa hairudi.

Utaniambia, siku hizi kuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, lililoanza kuzalisha 2024. Sawa. Lakini maji ya Rufiji nayo yana wenyewe, na mwaka 2006 ulitufundisha kwamba mvua haisaini mkataba na mtu.

Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayodai tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa. Kwa maoni yangu, kila ghorofa kubwa lipimwe pia kwa umeme litakaokula kwa miaka 30 au 40, kabla tofali la kwanza halijawekwa. Kiyoyozi unaweza kubadilisha mwakani. Ukuta wa kioo unaotazama jua la jioni utaulipia miaka yote hiyo.

Wazee wetu walilijua hili. Nenda Mikindani, jirani tu na Mtwara, uingie kwenye nyumba za zamani za mawe. Kuta nene, kivuli, upepo wa bahari unapita. Hakuna waya, na joto umeliacha mlangoni.

Waliopaza sauti Mtwara walikuwa na swali la haki kabisa: hii gesi inakwenda kufanya nini, na sisi tunabaki na nini? Sisi wa mjini tunaweza kulijibu nusu yake kwa kuonyesha hesabu ya matumizi yetu. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo hatujaipiga.

Habari ndiyo hiyo.